Gia ya meno 39, jino la mwisho limetoka jembamba: tatizo ni rotari tebo au mimi?

#1 Kijana_wa_Gia
Wakuu habari. Naombeni msaada maana wikendi yote nimezunguka na jambo moja. Nina rotari tebo (meza ya kuzunguka) ya inchi 6, uwiano wake ni 90 kwa 1, yaani mpini ukizunguka raundi 1 meza inasogea digrii 4. Nimeisimamisha wima kwenye mashine ya milingi nikakata gia ya moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) 1.5, meno 39, kisu namba 6. Hesabu yangu ilikuwa 90 gawa kwa 39, inatoka raundi 2 kamili na matundu 12 kwenye duara la matundu 39 la sahani ya kugawia, ile ambayo pini ya mpini inaingia. Nimekata kwa utulivu kabisa, ukiitazama inapendeza, ila nilipofika mwisho lile jino linalobaki kati ya mfereji wa 39 na mfereji wa kwanza limetoka jembamba. Mengine yako kama milimita 2.3 na ushee, lile limepungua kama 0.3 hivi. Kipande ni alumini, kimebanwa kwenye mandreli (fimbo ya kushikia kipande) kwa nati na washa, hakuna ufunguo. Nimekosea wapi?

#2 Msumari
Umehesabu tundu la kuanzia. Hilo ndilo kosa la kila mtu wa kwanza. Ile pini inapokaa tundu lile ni sifuri, sio moja. Kati ya ile mikono miwili ya kuhesabia iliyo juu ya sahani unatakiwa uone matundu 13 ili upate nafasi 12.

#3 Bisibisi
Mkuu kisu namba 6 ni cha meno 17 mpaka 20!! Kwa meno 39 unatakiwa namba 3. Anzia hapo kwanza kabla hujagusa meza.

#4 Dada_Chuma
@Bisibisi hapana, hizo namba zako ni za visu vya mfumo wa inchi. Seti ya moduli yenye visu 8 inahesabiwa kinyume: namba 1 ni meno 12 na 13, namba 8 ni kuanzia 135 hadi reki (gia iliyonyooka). Namba 6 ni 35 mpaka 54, yuko sawa kabisa. Hata mimi niliwahi kuchanganya zikanigharimu kipande cha shaba, kwa hiyo sikulaumu.

@Msumari nalo lako nimelipigia hesabu halikubali. Kama kila mara alisogea matundu 11 badala ya 12, mara 39 anakuwa amepungukiwa matundu 39, ambayo ni raundi nzima ya mpini, digrii 4. Kwenye gia ya kipenyo cha 58.5 hiyo ni milimita 2 na kitu. Na angepungukiwa, jino la mwisho lingekuwa NENE sio jembamba. Yeye ana 0.3.

#5 Msumari
Dada umenikamata 😄 nakubali kuhusu kila mara. Ila inawezekana alikosea mara moja tu katikati.

#6 Bisibisi
Asante Dada_Chuma sikujua kwamba zimegeuzwa. Miaka yote nimetumia za inchi tu.

#7 Nondo16
Labda pini ilikuwa duara lingine. Ile sahani ina 37, 39, 41, 43, 47 na 49, zimebanana, jicho likichoka unaingia 41 bila kujua.

#8 Kijana_wa_Gia
@Nondo16 nimerudi kuangalia, pini bado iko ilipokuwa, ni 39. Nimehesabu mara mbili kwa penseli.

#9 Dada_Chuma
Na ingekuwa 41, matundu 12 ya 41 ni kidogo kuliko matundu 12 ya 39, mwisho wa mzunguko angebakiwa na digrii 2.3, kama milimita 1.2, na tena upande wa unene. Hiyo nayo tuitoe.

#10 Mzee_Spana
Vijana mnapiga hesabu sana na chanzo kiko wazi. Ni mchezo wa gia. Skrubu ya womu (ile inayozungushwa na mpini) na gurudumu lake la chini ya meza daima vina nafasi kidogo kati yao, mashine ikiwa mpya nafasi ni ndogo, ikichakaa inakuwa kubwa. Shika mpini wako, usukume mbele na nyuma taratibu uone unacheza kiasi gani kabla meza haijasogea. Ukikuta mpini unacheza robo ya nusu raundi basi meza yako inaelea nusu digrii, na nusu digrii kwenye gia yako ni robo milimita. Umeona inavyokaribia 0.3? Sasa jiulize mfereji wa kwanza ulikatwa meza ikiwa imekaa upande gani wa huo mchezo. Wengi wanaweka pini tundu la sifuri wanaanza kukata, hawajauondoa mchezo. Kuanzia mfereji wa pili wanakuwa wanazungusha upande mmoja kwa hiyo yote yanafanana, la kwanza peke yake ndilo liko mahali pake pengine.

Dawa: kabla ya mfereji wa kwanza zungusha mpini raundi 1 nzima upande uleule utakaoutumia, ndipo uweke sifuri. Ukipitiliza tundu usirudi tundu moja, rudi nusu raundi nzima halafu uje tena kwa mbele. Na ufunge loki ya meza kila mara kabla ya kukata.

#11 Kijana_wa_Gia
Asante sana mzee. Nimejaribu, mpini unacheza lakini sio kiasi hicho, labda sehemu ya ishirini ya raundi. Loki nilikuwa nafunga, karibu kila mara.

#12 Mzee_Spana
"Karibu kila mara." Hapo hapo mwanangu.

#13 Hatua200
Hii habari ya matundu iacheni jamani. Weka stepa mota kwenye ule mpini, mota ina hatua 200 kwa raundi, mara 90 unapata hatua 18,000 kwa mzunguko wa meza, hatua 50 kila digrii. Unaandika 39 kwenye kidude, unabonyeza, inasogea yenyewe. Tangu nimefunga yangu sijawahi kuhesabu tundu wala kukosea.

#14 Mkereza
@Hatua200 hujawahi kukosea au hujawahi kupima? Nauliza kwa nia njema. 18,000 gawa kwa 39 ni 461.54, hakuna nusu hatua. Programu yako inafanyaje na hiyo 0.54? Rafiki yangu alijiandikia programu yake ikawa inakadiria inaenda 462 kila mara. Mara 39 ni 18,018. Hatua 18 zimezidi, digrii 0.36. Kwenye gia ya huyu ndugu hiyo ni kama 0.18, na jino la mwisho linatoka jembamba. Mota haikukosea hata hatua moja, ilifanya ilichoambiwa.

#15 Hatua200
Yangu haijumlishi, kila nafasi inahesabiwa kutoka sifuri. Nafasi ya 20 ni 20 mara 18,000 gawa kwa 39 ndipo inakadiria, kwa hiyo kosa haliwezi kuzidi nusu hatua popote. Ila umesema kweli, anayeandika programu lazima alijue hilo.

#16 Mkereza
Safi. Ndio maana nasema na mtu anayetumia digrii na dakika kwenye mpini bila sahani ya matundu yuko hatarini hivyo hivyo. Chukua meno 13: 360 gawa 13 ni digrii 27 na dakika 41.5 na kidogo. Unakadiria dakika 42, unajumlisha kila mara, ukifika mwisho umezidi dakika 6. Andika orodha nzima kabla hujaanza, kila nafasi kutoka sifuri, ubandike ukutani, usijumlishe kichwani huku mashine inazunguka.

#17 Chupa_ya_Oili
Samahani wakuu mimi mgeni, dakika 6 hizi ni muda au nini?

#18 Dada_Chuma
Karibu. Hapana sio za saa, digrii 1 imegawanywa vipande 60 kila kimoja kinaitwa dakika. Kwa kipimo cha mkono kumbuka hivi: umbali wa milimita 100 kutoka katikati, dakika 1 ni kama 0.03. Ukikaribia katikati inapungua kwa uwiano. Kwa hiyo dakika 6 kwenye kitu kidogo huwezi kuiona kwa macho ila gia mbili zikishikana utaisikia.

#19 Chupa_ya_Oili
Nimeelewa asante.

#20 Nondo16
Turudi kwa Kijana. Mimi naona kipande kiliteleza kwenye mandreli. Alumini, nati na washa, hakuna ufunguo, visu vya gia vinapiga kwa vishindo maana kila jino la kisu linagonga. Nati inalegea kidogo kidogo. Hilo limenitokea, tena nilikuja kugundua kwa mstari. Nilikuwa nimechora mstari wa kalamu ya wino kutoka kwenye kipande kuvuka washa hadi kwenye mandreli, kufika nusu ya kazi ule mstari umekatika, upande mmoja umeachana na mwenzake kama unene wa unywele. Nisingeuchora ningelaumu meza mpaka leo.

#21 Mzee_Spana
Lakini kisu hapo kinakata kuelekea urefu wa mhimili, nguvu ya kuzungusha kipande ni ndogo.

#22 Nondo16
Ni ndogo mzee kama kisu kiko katikati sawasawa. Kikiwa juu au chini ya katikati, upande mmoja unakata zaidi ya mwingine na hapo kinasukuma. Alipimaje kimo cha kisu?

#23 Kijana_wa_Gia
Kwa macho na ncha ya senta ya nyuma 🙈

#24 Dada_Chuma
Kijana kabla hatujaendelea kubishana, tunakisia kitu ambacho kipo mezani kwako. Usipime jino moja moja kwa unene, venia (kalipa) ya kawaida haikai vizuri kwenye ubavu uliopinda, kila ukiigusa inatoa namba nyingine. Pima kwa kukumbatia meno 5 kwa pamoja, taya za kalipa zinagusa ubavu wa nje wa jino la kwanza na la tano. Kwa moduli 1.5, meno 39, pembe ya ubavu wa jino digrii 20, inatakiwa isomeke karibu 20.75, ikiwa umezama kidogo zaidi itakuwa chini ya hapo kidogo, sio neno. Anza 1 hadi 5, halafu 2 hadi 6, zunguka yote 39, andika kila namba. Kisha tuletee.

Utakavyoisoma: kama tatizo ni mfereji wa kwanza kama anavyosema mzee, jino moja upande huu litakuwa jembamba na jirani yake upande wa pili atakuwa mnene. Kama ni kosa dogo linalojilimbikiza, meno yote yatalingana isipokuwa la mwisho. Kama ni kuteleza mara moja, kutakuwa na jino nene mahali fulani katikati, mbali kabisa na hilo la mwisho.

#25 Msumari
Hii posti iwekwe juu kabisa ya jukwaa. Nimehifadhi.

#26 Fundi_Saa
Wakati tunamsubiri niulize la kwangu. Nataka kutengeneza gia ya meno 127 kwa ajili ya kukata nyuzi za milimita kwenye mashine yangu ya kukereza yenye skrubu ya inchi. 127 haigawanyiki kwa kitu chochote na sahani zangu zinaishia 49. Nimekwama.

#27 Mkereza
Kwa nini 127 lazima? Ni kwa sababu inchi ni 25.4 na 25.4 mara 5 ni 127, hiyo ndiyo sahihi kamili. Lakini tafuta jozi ya 63 na 80 kwenye nafasi ya 100 na 127, kosa lake ni milimita 0.125 kwa urefu wa mita nzima. Unakata bolti ya mita nzima wewe? Na hizo zote zinatoka kwenye sahani ulizonazo kama meza ni 90 kwa 1: meno 63 ni raundi 1 na matundu 9 ya 21, meno 80 ni raundi 1 na matundu 2 ya 16.

#28 Fundi_Saa
Hilo sikulijua kabisa. Ila bado ninaitaka 127, nataka iwe kamili hata kama sitaiona tofauti.

#29 Digrii_Nne
Naipenda hiyo roho. Basi fanya hivi. Chora kwenye kompyuta duara lenye alama 127, chapisha kwenye karatasi, gundisha kwenye bati la duara, toboa kila alama kwa mkono. Utapata sahani mbaya, matundu yamepinda huku na huku. Funga hiyo sahani mbaya kwenye meza yako na uitumie kutoboa sahani ya pili, kila mara matundu 90 ya 127. Sahani ya pili itakuwa nzuri kiasi kwamba utashangaa.

#30 Bisibisi
Haiingii akilini. Sahani mbaya itazaaje sahani nzuri? Kosa linahama nalo.

#31 Digrii_Nne
Linahama lakini linapita kwenye womu kwanza. Tuseme tundu lako limekaa vibaya 0.1, na liko milimita 50 kutoka katikati. Mpini unakosea kama dakika 7. Lakini mpini ukizunguka raundi nzima meza inakwenda sehemu 1 ya 90 tu, kwa hiyo zile dakika 7 kwenye meza zinagawanywa kwa 90. Zinabaki sekunde 5 hivi, na sekunde 60 ndizo zinafanya dakika 1. Kwenye meza hilo kosa haliko tena. Makosa yatakayobaki ni ya womu na gurudumu lenyewe, sio ya karatasi.

#32 Bisibisi
Subiri nikae chini.

#33 Bisibisi
Ndiyo. Nimechora kwenye karatasi nimeelewa. Siku zote nilikuwa naogopa kutoboa sahani mwenyewe nikidhani lazima iwe ya kiwandani. Aisee.

#34 Hatua200
Na ndiyo sababu hiyo hiyo stepa mota inatosha, mkumbuke 😄 kila kosa lake linagawanywa kwa 90.

#35 Mzee_Spana
Sawa lakini mota ikipoteza hatua wewe uko umesimama pembeni hujui. Mimi mpini wangu unaniambia kwa mkono, ukiwa mzito nasikia chuma kimekwama. Pini ikiingia tundu inalia "tak". Usipoisikia hujaingia. Hicho kidude chako hakisemi kitu.

#36 Hatua200
Hapo mzee sina jibu zuri. Ninachofanya, baada ya gia nzima naiambia izunguke mpaka sifuri halafu nashusha kisu kwenye mfereji wa kwanza bila kukata. Kikiingia bila kugusa pembeni najua hakuna hatua iliyopotea.

#37 Mzee_Spana
Hiyo ni nzuri. Hata mwenye matundu aifanye, akifika 39 asogee mara moja zaidi, kisu kirudi kwenye mfereji wa kwanza. Kijana ulifanya?

#38 Chupa_ya_Oili
Nami swali dogo, nataka matundu 7 tu ya bolti kwenye duara. Lazima ninunue rotari tebo?

#39 Msumari
Sio lazima. Kama mashine yako ina mizani nzuri ya X na Y piga hesabu ya saini na kosaini, kila tundu linapata namba zake mbili, unasogeza meza ya mashine tu. Kwa pande 4 na pande 6 tumia kibanio cha koleti cha mraba au cha pembe sita, unakigeuza kwenye vaisi na kazi imekwisha. Meza ya kuzunguka inahitajika ukitaka mkunjo, mfano mfereji wa duara, au migawanyo mingi.

#40 Digrii_Nne
Naongezea, ukiitumia siku moja ikiwa imelala usisahau kuiweka katikati ya spindo (mhimili unaozungusha kisu) kwanza. Funga dayo geji (kipimo chenye sindano kama saa) kwenye spindo, zungusha spindo kwa mkono, sindano ipite ndani ya tundu la katikati la meza, rekebisha X na Y mpaka isitikisike, ndipo uweke sifuri. Halafu kipande nacho kiweke katikati ya meza, hapo unazungusha MEZA na spindo imetulia. Hizo ni kazi mbili tofauti, watu wanafanya moja wanadhani wamemaliza.

#41 Kijana_wa_Gia
Nimerudi. Nimepima zote 39 kama alivyosema Dada_Chuma, imenichukua saa nzima na kalipa ilibidi niifute kila mara. Matokeo:

Karibu zote ziko kati ya 20.70 na 20.73. Zote zinazobeba jino la 22 zinasoma 20.91. Zote zinazobeba jino la 39 zinasoma 20.44. Hakuna kingine cha ajabu.

@Mzee_Spana hapana, sikurudisha kisu mfereji wa kwanza. Nilipoona jino jembamba niliishiwa nguvu nikazima.

#42 Nondo16
Jino nene katikati mbali na la mwisho. KUTELEZA. Nilisema.

#43 Msumari
Sio haraka hivyo. Tundu moja kwenye duara la 39 ni digrii 0.1026, kwenye hii gia linakuwa 0.05 kwa kipimo cha kukumbatia. Jino la 22 limezidi 0.19. Hayo ni matundu 4, karibu sawasawa. Kipande kikiteleza kinateleza kiasi chochote kile, kwa nini kisimame kwenye matundu 4 kamili? Aliugusa mkono wa kuhesabia ukasogea, akaenda matundu 16. Kijana kumbuka, ulipofika jino la 22 kulikuwa na nini?

#44 Kijana_wa_Gia
Sasa umenikumbusha. Kama sikosei katikati ya kazi hivi nilipigiwa simu, nikazima mashine nikatoka nje. Niliporudi nikaendelea. Sijui kama ilikuwa 22 lakini ni maeneo hayo.

#45 Msumari
😀 Basi.

#46 Nondo16
Na mimi nasema alipozima na kuwasha kisu kikiwa bado kimegusa kipande, kilirusha kipande. Kijana ulikiondoa kisu kwenye mfereji kabla ya kuzima?

#47 Kijana_wa_Gia
Sikumbuki.

#48 Mzee_Spana
Au alifungua loki akiwa na mawazo ya simu, akasogeza, akasahau kuifunga. Meza isiyofungwa ikigongwa inakwenda hadi mwisho wa mchezo wake.

#49 Mkereza
Mzee mchezo wake amesema sehemu ya 20 ya raundi. Hiyo ni digrii 0.2, kwa kipimo hiki haifiki 0.1. Haitoshi kufika 0.19.

#50 Mzee_Spana
"Labda sehemu ya ishirini" ni ya macho. Apime kwa dayo geji aone.

#51 Dada_Chuma
Kuna jambo mmelipita. Jino la 22 limezidi 0.19. La 39 limepungua 0.28. Kama kulikuwa na tukio moja tu, vilitakiwa vifutane, kilichozidi huku ndicho kipungue kule. Kuna 0.09 haina mwenyewe. Na haiwezi kuwa imegawanyika kwenye yale meno mengine 37, maana pini na sahani haviwezi kuongeza kidogo kidogo kila mara, uwiano wa womu ni wa kudumu. Kwa hiyo ama kuna tukio la pili dogo, ama kalipa.

#52 Hatua200
Au joto? Alumini ikipata joto wakati wa kukata inavimba.

#53 Dada_Chuma
Inavimba pande zote kwa pamoja, pembe haibadiliki. Meno yangekuwa na kina tofauti sio nafasi tofauti.

#54 Digrii_Nne
Tukio la pili naweza kulitaja: mfereji wa kwanza na mchezo, lile la mzee kwenye #10. Mchezo wa digrii 0.2 unaleta karibu 0.1. Yaani inawezekana mzee yuko sahihi kwa ile 0.09 na Msumari au Nondo yuko sahihi kwa 0.19.

#55 Nondo16
Lakini basi jino la 1 lingekuwa nene 0.09, mfereji wa kwanza ukihama unaharibu pande zote mbili. Kijana vipimo vinavyobeba jino la 1 bila kubeba 39, yaani 1 hadi 5, ilisoma ngapi?

#56 Kijana_wa_Gia
20.73. Nimerudia sasa hivi mara tatu, 20.72, 20.73, 20.73.

#57 Nondo16
Basi mfereji wa kwanza hauna hatia.

#58 Mzee_Spana
20.73 ndiyo ya juu kabisa kwenye orodha yake. Msiufutie kesi haraka.

#59 Mkereza
Mzee tofauti ya 0.01 kwa kalipa ya mkono ni pumzi tu ya mtu.

#60 Dada_Chuma
Kijana una kile kipande kingine cha alumini? Kata upya lakini kwa ushahidi. Chora mstari wa wino kuvuka kipande, washa na mandreli kama Nondo16. Kila tundu pini inapotua weka nukta ya kalamu kwenye sahani. Duara la 39 ukisogea matundu 12, nukta zinaangukia kila tundu la tatu, zinakuwa 13 tu, halafu unazirudia. Siku nukta ikitua tundu jipya ambalo halina wino, simama hapo hapo usikate, umehesabu vibaya.

#61 Msumari
Hii ya nukta 13 ni tamu sana. 39 na 12 zinagawanyika kwa 3 zote mbili, ndiyo maana. Kwa hiyo hata gia ya zamani unaweza kuikagua, mikwaruzo ya pini iko kwenye matundu. Kijana angalia sahani yako kwa tochi, kwenye duara la 39 kuna matundu mangapi yanayong'aa?

#62 Kijana_wa_Gia
Nimeangalia. Yanayong'aa sana ni 13, kila la tatu. Kuna mengine machache yamekwaruzwa kidogo ila sahani hii niliipata ikiwa imetumika, siwezi kujua ni ya nani.

#63 Nondo16
Kama angesogea 16 mara moja, kuanzia hapo pini ingekuwa inatua matundu mengine kabisa, mara 17 zaidi. Yangeng'aa nayo! 4 haigawanyiki kwa 3. Yaani yangekuwa 26 sio 13. Msumari hapo vipi?

#64 Msumari
Isipokuwa alihesabu matundu 15, au alirudi kwa 3. Matundu 3 ni 0.15.

#65 Nondo16
Amepima 0.19 😄

#66 Msumari
Amepima kwa kalipa. Dada mwenyewe amesema kalipa ni mshukiwa.

#67 Kijana_wa_Gia
Asanteni sana wote, sikutegemea watu mngenikalia hivi kwa jino moja. Kipande cha pili ninacho, kimo cha kisu nitakipanga upya kwa dayo geji, nitaondoa mchezo kabla ya mfereji wa kwanza na simu nitaiacha ndani. Nukta nitaweka zote. Nikimaliza nitapima zote 39 niwaletee hapa.

#68 Mzee_Spana
Na loki.

#69 Kijana_wa_Gia
Na loki mzee, kila mara.

#70 Fundi_Saa
Wakuu karatasi yangu ya 127 imeshachapishwa, ila nikipima duara kwa rula upana ni 119.5 na urefu 120. Printa imevuta upande mmoja. Womu itafuta na hiyo?

#71 Digrii_Nne
Itapunguza mara 90 kama mengine. Ila kabla hujatoboa, katikati ya duara umeipataje?